Kiingereza changu cha KCSE kimekataliwa chuoni, msaada tafadhali

Binti wa Shabab, Brooklyn Park:
Wenzangu hamjambo. Niko Marekani kwa F-1, visa ya mwanafunzi, muhula wa kwanza, nalenga uuguzi. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni imesema slipu yangu ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, haitoshi, ingawa nina B+ ya Kiingereza. Ama nilete IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, ama nifanye mtihani wao, na nikianguka nianzie darasa lililo chini ya Composition I, somo la kwanza la uandishi chuoni. Darasa hilo halihesabiwi kwenye cheti lakini karo ni ile ile. Nimesomeshwa kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza pale Nakuru! Kuna aliyewahi kupeleka barua ya KNEC, baraza la mitihani la Kenya, ya kuthibitisha matokeo ikakubaliwa? Nina hadi Ijumaa.

Mzee wa Kondele, Lowell:
Binti, kama una IELTS ya zamani usiipeleke kabla ya kuangalia tarehe, inadumu miaka 2 tu. Mimi niliifanya nikachelewa kusafiri, nikairudia kwa pesa zangu. Na hakikisha unabaki na krediti 12 za muhula, usije ukaharibu I-20 yako, ile hati ya chuo inayoshikilia visa, kwa hasira.

Kaka wa Khayega, Minneapolis:
Dada, pole. Nilikasirika vivyo hivyo. Nilikuwa na A- ya Kiingereza, kisha naambiwa nikae Composition I na watoto wa miaka 18. Leo nasema wazi kwamba sijapata darasa lililonifaa katika nchi hii kama lile.

Shuleni niliandika ili nipewe alama. Jua linachomoza, ndege wanaimba, msamiati mzito niliokariri usiku, kisha kengele inalia na karatasi inachukuliwa. Huku mwalimu alinirudishia insha ya kwanza bila gredi. Alikuwa amepiga mstari chini ya sentensi moja tu, karibu na mwisho wa ukurasa wa pili, akaandika pembeni kwamba hapo ndipo nilipoanza kusema jambo. Ikabidi nifute karibu kurasa mbili. Iliniuma, maana kurasa zile ndizo zingenipa 18 kwa 20 kule nyumbani.

Kila insha tuliiandika mara tatu. Katikati nilikuwa naenda kituo cha uandishi cha chuo, hawatozi kitu. Unakaa na mwanafunzi mwenzako, unasoma kazi yako kwa sauti. Nilipokosa pumzi, tulikata sentensi. Niliporuka neno bila kujua, tuliliondoa.

Faida niliiona nilipohama nyumba. Mwenye nyumba alikaa na dhamana yangu, dola 900. Barua yangu ya kwanza ilikuwa kama ya kuomba kazi: natumaini u mzima, najua una shughuli nyingi, kwa unyenyekevu mkubwa naleta ombi langu. Miezi miwili kimya. Muhula ulipoisha nikaandika nyingine, aya tatu, hivi: Nilirudisha funguo tarehe fulani na kukuachia anwani yangu mpya. Sheria ya Minnesota inakupa wiki 3 kurudisha dhamana au kunieleza kwa maandishi kwa nini umeizuia. Hukufanya lolote kati ya hayo, nataka dola 900 kufikia tarehe fulani. Nikaambatisha picha za vyumba. Hundi ilifika siku ya tisa. Kiingereza cha barua ya kwanza kilikuwa kitamu zaidi, ila mtu angeisoma yote asijue nataka nini.

Mwalimu wa Lanet, Dallas:
Kijana, taratibu na walimu wa kwenu. Barua zilifundishwa. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza cha KCSE, 101/1, ina sehemu ya barua, ripoti na kumbukumbu za mikutano. Insha unayolalamikia iko karatasi ya tatu, 101/3. Nilikuwa na wanafunzi 60 katika darasa moja. Insha moja kila mmoja kwa wiki ni insha 60, na nilikuwa na madarasa matatu. Hiyo mara ya pili na ya tatu ningeisoma saa ngapi?

Kaka wa Khayega:
Mwalimu, nisamehe, sikukusudia kuwadharau. Umesema lenyewe hasa. Huku tulikuwa 22.

Mama wa Nyalenda, Kansas City:
Mimi sikusoma chuo, lakini hili nalijua. Shemeji aliniomba barua ya ushahidi wa ndoa yake kwa ajili ya I-130, fomu ya uhamiaji ya kumwombea mke au mume. Nikaandika kwamba ni watu wa Mungu na wanapendana sana. Wakili akairudisha. Binti yangu, aliyekuwa anasoma hiyo Composition, akaniuliza: Mama, wewe uliona nini kwa macho yako? Basi nikaandika walivyokuja Krismasi na gari moja, shemeji akamtolea mkewe miiba ya samaki kwa sababu alikuwa ametoka kung'olewa jino. Hiyo ndiyo ilipelekwa.

Mzee wa Kondele:
Mama, kama tayari kulikuwa na kadi ya ukaazi, green card, hiyo ni I-751, ya kuondoa masharti kwenye kadi. I-130 ni ya kuanzia. Watu wanasoma hapa na kujaza fomu, tuwe waangalifu.

Mama wa Nyalenda:
Sawa baba, I-751. Samaki ni yule yule.

Mzee wa Kondele:
Sikukasirika, mama. Ila haya ya lugha yananikera tangu zamani. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili na Kiingereza zote ni lugha rasmi. Ni ofisi gani Kisumu umewahi kupeleka barua ya Kiswahili ukajibiwa kwa Kiswahili? Na hata Kiswahili chenyewe tulikiandika kwa methali za kukariri. Jana theluji ilikuwa inaanguka hapa, nikakumbuka basi likipita Kericho mchana, mvua juu ya majani ya chai, konda anafunga madirisha na mtu nyuma anakataa kwa sababu ya joto la kuku wake. Nina miaka 24 huku na sijawahi kuliandika hilo kwa lugha yoyote.

Mwalimu wa Lanet:
Liandike, mzee. Ulitume hapa, nitalisoma mara tatu.

Binti wa Shabab:
Asanteni nyote. Kaka, nimekutumia aya yangu ya mtihani, nikatie bila huruma. Lakini barua ya KNEC, kuna yeyote aliyeipeleka? Ijumaa ni keshokutwa.