Kigoma: Bosi anatukata mshahara eti "leseni ya mhudumu". Hii leseni mmeisikia wapi?

Wakuu, habari za jioni. Leo nina hasira, mtanivumilia.

Nipo Kigoma, nakaa kaunta kwenye baa moja ya Mwanga. Jina la baa na la bosi nayaacha, nikiyataja nitafukuzwa na hakuna kingine kitakachobadilika. Mwezi huu wote tumepewa mshahara pungufu, wahudumu, kaunta mpaka jikoni. Ukiuliza unajibiwa: "Hiyo ni pesa ya leseni, kila anayeuza pombe lazima awe na leseni yake." Risiti hakuna. Mchoma nyama naye kakatwa, sijui yeye anauza pombe gani, labda ile anayomwagia moto.

Leseni ya vileo, kwa Sheria ya Vileo Na. 28 ya 1968, anapewa mwenye biashara kwa ajili ya eneo lake la kuuzia. Fomu anajaza yeye, TIN ni yake, bwana afya anakagua vyoo vyake, halmashauri inalipwa na yeye. Mhudumu hana leseni! Kinachotuhusu sisi ni kupima afya kila miezi sita, na hiyo tunajilipia wenyewe siku zote, bosi hajawahi kutoa hata nauli.

Na leseni yenyewe ni ya nusu mwaka: Aprili hadi Septemba, kisha Oktoba hadi Machi. Ya kwetu iliisha tarehe 30 Septemba. Ipo kwenye fremu juu ya friji. Meneja kaitundikia kalenda kwa mbele, kaipima vizuri kabisa ifunike tarehe tu, jina la bosi na muhuri vibaki vinaonekana. Kalenda yenyewe ya mwaka juzi.

Wakaguzi walipokuja Oktoba, mmoja wao akaisogeza hiyo kalenda kwa kidole, basi. Bosi akipigiwa hapatikani. Meneja katokea mlango wa stoo. Nani kabaki? Sisi. Na ilikuwa mbalamwezi, wavuvi wa Kibirizi hawajaingia ziwani, baa imefurika, karibu kila meza ina bili haijalipwa. Tukapakiwa kwenye gari na aproni zetu, tukalala kituoni. Wateja hawakusubiri kuambiwa, kila mtu na njia yake. Asubuhi tunarudi, daftari limeshaandikwa: bili zote za usiku ule ni shoti, yaani pesa iliyopungua kwenye mauzo, na shoti imegawanywa kwa majina yetu.

Yaani umelala ndani kwa sababu ya leseni ya bosi, ukabambikwa shoti ya muda ambao ulikuwa mahabusu, mwisho wa mwezi unakatwa pesa ya kuilipia leseni hiyohiyo. Ikitoka itakuwa na jina la nani? Lake!

Mshahara haukatwi hivi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka makato yawe yameruhusiwa na sheria, au mfanyakazi mwenyewe akubali kwa maandishi. Hata hiyo shoti, mwajiri anatakiwa akueleze kwa maandishi unadaiwa nini na kwa nini, akupe nafasi ya kupinga, na bado asivuke robo ya mshahara. Kwetu sisi maandishi ni lile daftari la meneja, analikunja anatia mfukoni.

Halafu wale wa "acha kazi ya baa, ina laana", pitieni kimya kimya. Mwenye nyumba wangu wa Gungu hapokei ushauri, anapokea kodi. Na wa "si mnapewa tipu", tipu ipi, ya mvuvi aliyekimbia na bili yake?

Ninachohitaji ni mtu aliyewahi kufika CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, kwa makato. Tunaweza kufungua shauri moja kwa pamoja, au kila mtu ajaze fomu yake? Najua tuna siku 60. Mkataba wa maandishi hatujawahi kupewa, ila nimesoma kwamba hapo mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia mwajiri. Kwa aliyepitia, wasuluhishi wanalifuata kweli hilo, au watatudai ushahidi sisi? Na wenzangu wawili wanaogopa kuweka majina, je, wakijitoa shauri la waliobaki linaendelea?

Wenye baa mliomo humu mnaweza kuchangia pia, ila anzeni kwa kutuambia leseni zenu zinaisha lini.