Garanti ya nyongeza kwa gari litakaloishia Lubumbashi: nilipe au niache?

Swali, kutoka Liège

Wakubwa, jambo zenu. Niko karibu kununua Toyota Verso ya 2014, ya mazutu, moteri 1.6, kilometa 148,000. Muuzaji ana garaje, si mtu binafsi. Ananipa garanti ya mwaka mmoja, halafu anataka euro 890 zaidi kwa garanti ya nyongeza ya miaka miwili. Nitaiendesha hapa kwa muda, kisha nimtumie baba kule Kampemba. Anataka jibu kabla ya Jumamosi.

Jibu, kutoka Lubumbashi

Mdogo wangu, Jumamosi isikutie haraka. Ninauza pyesi hapa komini ya Kenya, na magari mnayotuma yanaishia mikononi mwetu.

Huo mwaka mmoja si zawadi ya muuzaji. Ubelgiji, ukinunua kwa mfanyabiashara, sheria inakupa garanti ya miaka miwili. Kwa gari lililokwisha kutumika mnaweza kukubaliana ipunguzwe, lakini si chini ya mwaka mmoja. Kasoro ikijitokeza ndani ya mwaka huo, ni yeye wa kuthibitisha kwamba haikuwepo siku aliyokukabidhi funguo. Basi muulize ile miaka miwili ya nyongeza inaanza lini. Kama inahesabiwa tangu siku ya kununua, mwaka wa kwanza utakuwa umelipia kitu ulichokwisha kupewa bure.

Omba conditions générales, yaani masharti yote ya mkataba, si ile karatasi yenye picha. Tafuta humo neno vétusté, yaani makato kwa sababu ya uchakavu. Tuseme mkataba unasema gari likipita kilometa 150,000 wanalipa asilimia 40 tu ya bei ya pyesi. Turbo ya euro 1,200 ikifa, wanatoa 480, wewe unatoa 720. Na gari lako limebakiza kilometa 2,000 kufika hapo! Angalia pia kiwango cha juu wanacholipa kwa kila tengenezo, na orodha ya visivyolipwa: mara nyingi plaketi za breki, embrayage na betri ziko humo. Ukichelewa kufanya entretien, au fundi akifungua moteri kabla hujawapigia simu, wanaweza kukataa kulipa.

Sasa linaloniuma zaidi. Mikataba hiyo imeandikiwa barabara za Ulaya. Gari likishapakiwa melini Antwerp, karatasi imekufa. Litapita Dar es Salaam, Tunduma, Zambia yote mpaka Kasumbalesa, na likifika hapa baba hana wa kumpigia simu. Nimemwona mzee akifungua bahasha taratibu juu ya kaunta yangu, akinyoosha mikunjo ya karatasi kwa kiganja, anionyeshe kwamba gari la mwanawe lina garanti hadi mwaka ujao. Nilimtajia bei ya pyesi, akaikunja tena karatasi yake vilevile.

Halafu hiyo Verso yenyewe. Moteri ya 1.6 ya mazutu ya 2014, Toyota waliichukua kwa BMW. Cheni ya distribution iko nyuma, upande wa bwate ya vitesi, na kuibadilisha ni kazi nzito. Toyota zilizojaa mjini hapa ni zile za Japani zenye volani ya kulia, na pyesi zake ndizo tulizo nazo madukani. Za moteri hiyo ni za kuagiza. Kwenye ekzosi kuna filtre ya masizi, nayo haipendi mazutu yenye salfa nyingi wala safari fupi za kwenda sokoni na kurudi. Kama gari ni la baba, tafuta Verso ya esansi, ile 1.8. Moteri ni ya Toyota wenyewe.

Lolote utakalochagua, dai Car-Pass, ile karatasi ya Ubelgiji inayoonyesha historia ya kilometa za gari. Tangu Desemba 2006 muuzaji analazimika kukupa, na kilometa zake uzilinganishe na karatasi za entretien. Nenda asubuhi bila kumwarifu saa. Weka mkono juu ya kapoti kwanza: ikiwa na joto, mwambie utarudi. Moteri iwashwe ikiwa baridi, uisikilize sekunde za mwanzo, ndipo cheni iliyochoka inapopiga kelele. Mlipe fundi asiyemjua muuzaji aingie chini ya gari. Euro zitakazobaki, nunua pyesi huko.

Jibu, kutoka Bruxelles

Yaya wa Lubumbashi amesema kweli kuhusu mpaka. Mimi naongeza upande wa huku. Gari lingekuwa la kubaki Ubelgiji, lina bwate ya otomatiki na huna akiba, ningekuambia uifikirie garanti ya nyongeza, kwa sababu bwate moja tu inaweza kula mishahara. Ila soma jina la anayelipa. Kama ni garaje yenyewe, siku ikifunga milango utamdai nani? Na kama ni lazima ulipe, ile 890 ijadili kama unavyojadili bei ya gari.

Kutoka Liège tena

Aksanti sana, yaya, na wewe dada. Nimemwomba muuzaji conditions générales na Car-Pass, amesema atatuma zote mbili. Nimeona pia Verso 1.8 ya esansi huko Namur, ya 2012. Yaya, nikikutumia numero ya châssis, unaweza kuniangalizia kama filtre, plaketi na amortisseur zake ziko hapo Kenya?

Kutoka Lubumbashi

Itume leo. Piga na picha ya kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango, kinanisaidia kujua moteri na bwate.