Vifaa vya msaada: tuvitumieje Darasa la Pili?

Mwalimu wa Lindi: Walimu wenzangu, habari za kazi. Wahitimu wa zamani wa shule yetu ya msingi wametuletea maboksi ya vitabu vya hadithi, vingi vikiwa vya Kiingereza, pamoja na abakasi chache (fremu zenye shanga za kuhesabia). Nisingependa viishie kufungiwa kabatini. Niviingizeje katika vipindi vya KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) ili watoto wachangamke?

Mama Zuhura: Hongera, mwalimu. Tenga kwanza vya Kiswahili, kwa kuwa mtoto wa darasa hilo bado anaunganisha silabi. Funga kamba ukutani, usawa wa kifua cha mtoto, uvitundike kwa vibanio jalada likitazama darasa, maana jalada lenye picha humvuta msomaji mchanga kuliko mgongo wa kitabu. Vya Kiingereza navyo vina kazi: waoneshe picha, wasimulie kwa Kiswahili wanachokiona, nawe uandike sentensi zao ubaoni ili wazisome wenyewe.

Mzee wa Chaki: Kabla ya yote, vipigwe muhuri wa shule na kuandikwa kwenye leja ya vifaa, la sivyo mtagombana wakati wa ukaguzi. Abakasi zisipotosha, vifuniko vya soda hufanya kazi ileile, tena bila kumsumbua mfadhili.

Mwalimu wa Lindi: Ahsanteni. Je, niwaruhusu kuazima hadi nyumbani?

Mama Zuhura: Waruhusu, ila Ijumaa tu, na kila kitabu kirudi Jumatatu.