Naomba ushauri: mama ana stenti ya chuma, na manjano yamerudi

Mwana wa Ngamiani: Ndugu zangu wa Tanga, mama yangu ana saratani ya kongosho, na miezi michache iliyopita aliwekewa stenti ya chuma (kijimrija cha wavu kinachoshikilia mrija wa nyongo uwe wazi) jijini Dar es Salaam ili nyongo ipate njia. Manjano yalikwisha, akawa anakula. Wiki hii macho yamekuwa ya njano tena na mwili unamwasha. Je, chuma huziba? Na kuna dawa ya miti ya kusafisha nyongo?

Bi Chumbageni: Pole sana, mwanangu. Marehemu shemeji yangu aliwekewa mrija wa plastiki, ukawa unabadilishwa kila baada ya miezi mitatu hivi, na safari hizo zilitumalizia akiba yote. Mpeni uji mwepesi.

Mkaazi wa Makorora: Mzazi husikilizwa kwanza, wageni baadaye. Mama mwenyewe anataka nini?

Muuguzi Mstaafu: Stenti ya chuma hupanuka hadi milimita 10 hivi, kwa hiyo huchelewa kuziba kuliko ya plastiki, lakini huziba: uvimbe hupenya kwenye matundu ya wavu wake au hukua kupita ncha zake, ama tope la nyongo hujaa ndani. Ana homa? Anatetemeka?

Mwana wa Ngamiani: Anatetemeka usiku, tangu juzi. Nilidhani ni malaria, nikampa dawa mseto. Tumekwisha kumlipa mzee mmoja wa Muheza, wa dawa za miti, na mama hawezi tena safari ndefu. Sioni ubaya wa kujaribu.

Raskazone: Naitilia shaka habari hii. Nyuzi za namna hii mara nyingi huishia kwenye namba ya simu ya muuza dawa, na huyo mzee wa Muheza ameshatokea.

Mwana wa Ngamiani: Sikutaja jina lake wala simu yake. Mama yuko chumba cha pili, anaumwa.

Muuguzi Mstaafu: Hata kama ingekuwa ya kubuni, atakuwapo msomaji mwenye mgonjwa wa kweli, kwa hiyo najibu. Manjano pamoja na homa ya kutetemeka, hata pasipo maumivu chini ya mbavu za kulia, yaashiria maambukizi ya mirija ya nyongo, ambayo huweza kuingia kwenye damu upesi. Mpeleke hospitali ya Bombo usiku huu aanzishiwe antibiotiki kwa mshipa, kisha madaktari wapange rufaa ya kuzibua. Mara nyingi stenti mpya hupitishwa ndani ya ile iliyoziba, kwa kuwa ile ambayo wavu wake haukufunikwa kwa utando hushikamana na nyama na kwa kawaida haitolewi. Beba karatasi zinazoonyesha aina yake.

Mwana wa Ngamiani: Karatasi ziko kwa kaka yangu, Korogwe. Nizisubiri?

Muuguzi Mstaafu: Usisubiri. Kaka azipige picha, akutumie mkiwa njiani.