Nimelipa shilingi 280,000 kwa polishi, silanti na nta. Vyote vimepakwa kinyumenyume na boneti imeharibika

Ndugu wanajamvi, salaam.

Ninaandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Jumamosi iliyopita niliacha gari langu, Toyota Crown nyeusi, katika sehemu moja ya kuosha na kung'arisha magari hapa Kinondoni. Kwenye ubao wao wameandika kwa herufi kubwa kwamba kwa shilingi 280,000 gari linapata matabaka matatu ya ulinzi, yaani polishi, silanti (dawa ya maji inayopakwa kulinda rangi) na nta. Nililipa fedha yote asubuhi, nikapewa risiti, nikaambiwa nirudi saa kumi jioni. Jina la sehemu hiyo silitaji, kwa kuwa sikuja hapa kumkomoa mtu, na kosa lenyewe nimelishuhudia kwingine zaidi ya mara moja.

Shughuli zangu za Kariakoo ziliisha mapema, nikafika pale saa sita na nusu mchana. Gari lilikuwa limeegeshwa katikati ya uwanja, juani, na boneti ilikuwa imepata moto kiasi kwamba sikuweza kutuliza kiganja juu yake. Kijana mmoja alikuwa amekwisha kulipaka gari zima nta kwa sponji, kuanzia paa hadi milangoni, na mwenzake alikuwa anamfuata kwa mashine ya polishi, akipita juu ya nta ile ile ambayo haikuwa imemaliza hata nusu saa. Silanti, iliyokuwa kwenye chupa ya kupuliza, ndiyo iliyomalizia, ikafutwa papo hapo kwa kitambaa kilichotoka kufutia nta. Nilipomuuliza msimamizi kwa nini wameanza na kitu ambacho kinapaswa kuwa cha mwisho, alinijibu bila wasiwasi wowote: "Bosi, zote zinang'arisha, hakuna ya kwanza wala ya mwisho."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nifungue uzi huu, kwa sababu mtu anayeamini hivyo hafai kukabidhiwa mashine.

Polishi haiongezi tabaka lolote juu ya gari. Polishi inakata. Ndani yake mna chembe ndogo zinazosaga lile tabaka angavu la juu, ambalo mafundi rangi hapa mjini huliita klia, mpaka kingo za mikwaruzo zilainike na mwanga urudi bila kutawanyika. Klia ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa takriban mikroni 35 hadi 50 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), na ukijumlisha na rangi pamoja na praima, yaani rangi ya msingi iliyo chini yake, unapata mikroni 100 hadi 150 hivi. Unywele wa kichwani kwako, kwa makadirio ya kawaida, ni mnene kuliko klia yote inayolinda gari lako. Kila mara mashine inapopita, sehemu ya unene huo inaondoka na hairudi mpaka siku utakapopiga rangi upya. Ndiyo maana polishi hupigwa kwa sababu maalumu, baada ya gari kuoshwa na uchafu ulionata kuondolewa kwa udongo maalumu wa kunasia, na hupigwa kabla ya kitu kingine chochote. Kuipiga juu ya nta ni kuisaga nta niliyoilipia, kuijaza kwenye pedi ya mashine, na kisha kuendelea kusugua klia kwa pedi iliyoziba.

Silanti nayo ina masharti yake. Imetengenezwa kwa polima, yaani kemikali za jamii ya plastiki, na nguvu yake yote inatokana na kushikana na rangi iliyo tupu. Polishi nyingi huacha mafuta yake juu ya klia, kwa hiyo fundi makini hufuta gari zima kwa spiriti ya isopropili iliyochanganywa na maji kabla ya kufungua chupa ya silanti. Pale sikuona spiriti. Silanti ikipulizwa juu ya mafuta ya polishi na mabaki ya nta inashika mafuta na nta, wala haiifikii rangi, na kwa mtindo huo itaondoka na sabuni ya wiki ijayo. Hata ikishika vizuri, inahitaji muda wa kukomaa. Chupa nyingi zimeandikwa saa 12 au 24 kabla ya kugusa maji au kupakwa kitu kingine juu yake. Maana yake ni kwamba kazi ya kweli ya matabaka haya inataka gari lilale kwa fundi, tena ndani, chini ya paa. Mimi niliahidiwa kila kitu kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi jioni, nami kwa haraka zangu sikulihoji hilo mapema.

Nta ndiyo inayofunga kazi. Ile ya kanauba, ambayo inatokana na majani ya mti wa jamii ya minazi na mitende unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili, inakaa juu ya silanti na kuongeza ule mng'ao wa kina ambao gari jeusi linauhitaji kuliko rangi nyingine zote. Haishikani na rangi kama polima inavyoshikana, na kwa jua letu usitarajie idumu zaidi ya wiki chache. Kwa hiyo nta juu ya silanti ni sawa kabisa, lakini silanti juu ya nta ni fedha iliyotupwa.

Sasa niseme nilichokikuta baada ya hapo. Jioni ile nilisimama chini ya taa ya kituo cha mafuta, na kuizunguka picha ya taa kwenye boneti niliona utando wa mikwaruzo ya duara, kama wa buibui, na juu yake mapito marefu yaliyofuata njia ya mashine kutoka kioo cha mbele hadi kwenye taa. Asubuhi ile mikwaruzo mikubwa ya namna hiyo haikuwepo. Nembo ya mbele na mipira ya milango ilikuwa imejaa ukoko mweupe wa polishi iliyokauka, kwa sababu kwenye bati la moto dawa hukauka kabla mkono haujaifuta.

Jumatatu asubuhi nililimwagia gari maji ya bomba, bila sabuni. Kwenye paa maji yalijikusanya yakawa matone ya mviringo yaliyosimama, kisha yakateleza yote upande mmoja nilipofungua mlango kwa nguvu. Kwenye boneti maji yalitandaa bapa kama kwenye sahani yenye vumbi, yakabaki hapo. Nilijiuliza sana mpaka nikakumbuka kwamba yule kijana wa mashine alikuwa mfupi na hakuwa na ngazi, hivyo paa halikuguswa na mashine hata kidogo. Paa lilibaki na nta yake ya sponji. Boneti, ambayo ilipata "matabaka yote matatu", haikubaki na hata moja. Sihitaji mtaalamu wa kunithibitishia zaidi ya hapo.

Hata hivyo nilimpitia fundi rangi mmoja ninayemfahamu Tabata, mwenye kifaa cha kupimia unene. Paa lilisoma mikroni 118 na katikati ya boneti 97. Sitadai kwamba tofauti yote hiyo ni ya Jumamosi, maana gari lilikuja kutoka Japani likiwa limetumika, kifaa hicho kinapima jumla ya matabaka yote na si klia peke yake, na hata kiwandani vipande havilingani. Ninachodai ni kwamba boneti yenye 97 si boneti ya kuchezewa na mtu asiyejua anachokikata.

Nilirudi na video ya maji. Msimamizi aliitazama, akasema tatizo ni maji ya bomba kuwa na dawa, halafu akajitolea kunipigia polishi tena bure na kuongeza nta "nzito". Nilikataa palepale. Hicho ndicho kinachoniumiza kuliko fedha: kwamba dawa yao ya kosa la mashine ni mashine tena, na kwamba mteja asiyejua angeshukuru, angeondoka anang'aa kwa siku tatu kwa sababu mafuta na vijazio vya polishi vinaficha mikwaruzo, na baada ya kuosha mara mbili angerudi kulipa upya.

Na mji huu hausamehe gari lisilo na kinga. Upepo wa bahari unaleta chumvi mpaka ndani ya maegesho yetu. Sehemu nyingi za kuoshea magari zinatumia maji ya kisima yenye chumvi, ambayo yakikauka juani yanaacha madoa meupe, na sabuni ya unga inayotumika humo inaondoa nta kwa haraka sana. Kunguru wa Dar nadhani sina haja ya kuwaeleza. Kinyesi chao kikikaa kwenye boneti ya moto mchana mmoja tu kinaacha kovu kwenye klia. Silanti iliyopakwa vizuri inakupa angalau muda wa kufika nyumbani ukakifuta.

Kuna wanaouza chupa moja yenye polishi na nta pamoja, nami sina ugomvi nao iwapo wanasema wazi kwamba ni chupa moja na bei ni ya chupa moja. Ugomvi wangu ni na ubao unaohesabu polishi kuwa tabaka la ulinzi, na unaoahidi kwa saa saba kazi ambayo maandishi ya chupa yenyewe yanataka ilale.

Nimewaandikia nikitaka nirudishiwe fedha ya silanti na nta, na nimeambatanisha risiti, video na picha za boneti. Wamesoma, hawajajibu. Jumamosi hii nitakwenda mwenyewe, na gari nitaliacha nyumbani ili pasiwe na mtu wa kuligusa wakati tunazungumza.

Kwa sasa ninaomba jambo moja kwenu. Kama yupo fundi hapa mjini anayefanya kazi ndani ya banda, anayefuta kwa spiriti, na anayekubali kukaa na gari usiku mzima kabla ya nta, nielekezeni, hata kama yuko Kigamboni au Mbezi. Boneti yangu inahitaji silanti na nta tu. Polishi haitaigusa tena mwaka huu.