Rivolva fupi za zamani zilizotengenezwa upya: za kuhifadhi au za kutumia?

Mpenda Feleji (Mbale):

Habari zenu ndugu. Ninamiliki bastola moja ya magazini kwa cheti halali, na kwa muda mrefu nimevutiwa na rivolva (bastola za silinda inayozunguka) fupi za mtutu wa inchi 2, hasa Colt Cobra iliyorudi sokoni mwaka 2017, na Smith & Wesson Model 36 ambayo kiwanda kimeendelea kuitoa kwa sura yake ya kale. Ninafikiria kuiachia niliyo nayo ili nipate mojawapo ya hizo. Baba yangu mdogo, ambaye alitumikia jeshi la polisi, anashikilia kwamba nikitaka kitu cha kuhifadhi nitafute Colt Detective Special halisi, kwa kuwa hizi mpya ni jina la zamani lililobandikwa kwenye chuma kingine. Naomba maoni ya wanaozijua kwa ndani: je, zilizotolewa upya zinastahili kuingia katika mkusanyo? Na je, mkusanyo wenyewe unawezekana kwa sheria zetu hapa Uganda?

Afande Mstaafu (Bombo):

Ndugu wa Mbale, naanza na swali lako la mwisho, kwani ndilo linaloamua hayo mengine. Chini ya Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1970, silaha yoyote unayoinunua au kuwa nayo, pamoja na risasi zake, lazima iwe imeandikwa kwenye cheti, na njia ya kukipata cheti hicho unaijua mwenyewe: unaanzia kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, unapanda kwa maofisa wa usalama na polisi wa wilaya, hadi makao makuu ya polisi Naguru. Katika ngazi zote hizo unaulizwa unaihitaji silaha kwa nini, na sidhani kama jibu la kwamba unapenda vitu vya kale litakufikisha mbali. Kabati lenye rivolva kumi ukutani, kama wafanyavyo watu wa Marekani, liondoe katika hesabu zako. Kwa mtu wa kawaida hapa kwetu, mkusanyo ni silaha moja iliyochaguliwa vizuri.

Jambo jingine ambalo wapenzi wa silaha za kale hulisahau ni kwamba cheti ni cha mtu, si cha ukoo. Ukifariki, watoto wako hawarithi bastola kama wanavyorithi shamba. Inapaswa kurudi polisi, na anayeitaka aombe upya kwa jina lake. Kwa hiyo hoja ya kuwaachia wajukuu kitu cha thamani ina uzito mdogo sana hapa kwetu.

Fundi wa Chuma (Jinja):

Shikamoo Afande. Mimi nitazungumzia vyuma tu.

Baba mdogo wa Mpenda Feleji ana haki kwa sehemu, ingawa si kwa sababu aliyoitoa. Detective Special ilitoka mwaka 1927, ikiwa na silinda ya risasi 6 za kaliba (kipimo cha risasi) .38 Special na fremu ya chuma. Cobra ya kwanza, ya mwaka 1950, ilikuwa bastola hiyohiyo iliyowekewa fremu ya aloi ya alumini ili iwe nyepesi, kiasi cha gramu 425. Sasa itazame Cobra ya mwaka 2017: fremu yake ni ya chuma kisichoshika kutu, na uzito wake unafika gramu 700 na kitu. Yaani wamelichukua jina la bastola nyepesi wakalivisha mwili ambao, kwa ukoo, ni wa Detective Special. Anayekusanya majina atakuwa na Cobra, lakini anayekusanya mitambo atajua kwamba mkononi mwake pana kitu cha tatu.

Ndani ndiko tofauti ilikozidi. Colt za zamani zilitumia springi bapa yenye umbo la V, na ukivuta kifyatulio bila kwanza kuikoki nyundo, uzito unaongezeka kadiri unavyokaribia mwisho. Katika Cobra mpya springi imebadilishwa umbo na mvuto umekuwa laini na sawia kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mfumo wa zamani ulisifiwa kwa jinsi ulivyoibana silinda bila kutikisika wakati wa kufyatua, lakini kipande kinachoizungusha silinda huchakaa, na kukirekebisha kunahitaji fundi aliyefunzwa Colt hizo hasa. Mtu wa namna hiyo Uganda sijamwona. Cobra mpya pia imeidhinishwa na kiwanda kwa risasi za +P, ambazo zina nguvu zaidi ya .38 Special ya kawaida, ilhali Cobra kongwe ya alumini mimi nisingeilisha risasi hizo hata kwa jaribio.

Kuhusu Model 36, ambayo ilianza mwaka 1950 kwa jina la Chiefs Special na hubeba risasi 5, wakusanyaji hulalamikia kitundu cha kufuli ya ndani, ya kuzuia bastola isifyatuke, kilicho upande wa kushoto, juu ya kitufe cha kufungulia silinda. Kufuli hiyo ilikuja baada ya kampuni kubadili mikono mwaka 2001. Katika miaka ya karibuni wameanza tena kuitoa bila kufuli, na kama unaagiza kwa muuzaji mwenye leseni, sisitiza upate hiyo. Nyundo na kifyatulio vya siku hizi hutengenezwa kwa unga wa chuma ulioshindiliwa katika kalibu na kuokwa, badala ya kuchongwa. Wengi hulidharau jambo hili. Mimi naona vinafanya kazi vizuri, isipokuwa havina ule mng'ao wa mkono wa fundi.

Binti Arua:

Naomba nitofautiane kidogo na kaka wa Jinja. Thamani ya mkusanyo haitoki kwenye springi. Cobra ambayo Jack Ruby alimuulia Lee Harvey Oswald, mtuhumiwa wa mauaji ya Rais Kennedy wa Marekani, tarehe 24 Novemba 1963 iliuzwa mnadani mwaka 1991 kwa dola 220,000, na mitambo yake ilikuwa sawa na ya Cobra nyingine za wakati wake. Zilizotolewa upya hazina historia bado. Zina kumbukumbu ya kuazima. Hata hivyo, hilo halizifanyi kukosa thamani. Colt iliomba ulinzi wa mufilisi mwaka 2015, kisha ikarudi kwenye rivolva za aina hii kwa Cobra na baadaye rivolva yake nyingine, Python, mwaka 2020, na miaka 40 ijayo huenda Cobra za mwaka wa kwanza zikatafutwa kwa sababu hiyo. Mimi ningechukua mpya, nikahifadhi sanduku lake na karatasi zake zote.

Mpenda Feleji (Mbale):

Nawashukuru sana. Kuna mzee mmoja huku mwenye rivolva ya .38 ya enzi za Mwingereza, yenye cheti, ambaye yuko tayari kuiachia kwa utaratibu wa polisi. Je, si afadhali hiyo kuliko kuagiza?

Afande Mstaafu (Bombo):

Kabla ya jambo lolote, isome kaliba kwenye mtutu wake. Rivolva nyingi za .38 zilizoachwa na Waingereza, kama Enfield No. 2 na Webley Mk IV, zinatumia .38/200, ambayo ganda lake ni fupi na nene kidogo kuliko la .38 Special, risasi hizo mbili hazibadilishani, na kuipata hiyo ya zamani leo ni taabu tupu. Pia muulize mzee kama silaha yake ilipelekwa kupigwa risasi za majaribio ili alama inazoziachia risasi na maganda zihifadhiwe, kwa mujibu wa agizo lililotolewa mwaka 2018 baada ya mauaji ya mbunge Ibrahim Abiriga. Kama haikupelekwa, aanzie huko kabla hamjazungumza bei. Na wewe ukishaipata, usibadilishe mtutu wala pini inayogonga risasi bila kuwaarifu polisi, maana alama zilizohifadhiwa zitakuwa si zake tena.

Ikiwa ni .38/200, mwachie mzee. Agiza Model 36 isiyo na kufuli.