Naombeni ushauri: mzee ninayemhudumia anataka tujadili habari za redio kila asubuhi, na sasa anataka nipige simu studio

Binti Mvomero:

Wakuu, nawasalimu. Uzi huu ni kwa mlioko Uingereza hasa, ila wa nyumbani nao karibuni.

Niko Birmingham, nafanya keya ya majumbani. Asubuhi naanzia kwa mzee mmoja mjane: kumsaidia kuoga, dawa, chai, mkate wa kuchoma. Jikoni redio haizimwi, na ni LBC tu, ile ya watu kupiga simu na kubishana. Mzee naye anabishana nayo kama vile mtangazaji amekaa pale mezani. Leo taka hazijazolewa, kesho posho ya wastaafu ya kupasha nyumba joto, keshokutwa ni ile vita ya saa mbili asubuhi ya kupiga simu zahanati kutafuta nafasi ya kumwona daktari. Halafu, siku zote, wahamiaji.

Shida ni kwamba ananigeukia: "Na wewe unaonaje?" Mimi nacheka, nasema sijui mzee, naendelea na vyombo. Wiki hii amenijia juu. Kasema watoto wake wanampigia Jumapili tu, na yeye hahitaji mtu wa kumwitikia ndiyo ndiyo, anahitaji mtu wa kubishana naye. Kuna siku mpigaji mmoja alisema wageni wote warudi kwao, mzee akaniambia "hasemi wewe, wewe unafanya kazi". Sikujua nishukuru au ninune.

Sasa amebandika namba ya studio kwenye mlango wa friji. Anataka nipige nieleze kazi ya keya ilivyo. Viza yangu ni ya kazi, sponsa (mdhamini wa viza) ni kampuni. Je, nichangie mijadala yake? Na nikipiga simu redioni, najitafutia balaa? Mambo yenyewe nayaelewa nusu nusu, hilo la taka ndiyo kabisa.

Nawasilisha.

Fundi Gereji:

Mzee kapata mtu wa kubishana naye kwa gharama za halmashauri 😂 Dai muda wa ziada.

Mpwani254:

Dadangu, usicheke na hii kitu. Mimi ni nesi, Manchester. Kwa mgonjwa naongea hali ya hewa, mpira, mashimo ya barabarani, na kama scone (kile kimkate cha chai) inapakwa jemu kwanza ama krimu kwanza (hiyo watu wa Devon na Cornwall wanaweza kutoana macho). Chama gani kizuri, wahamiaji wangapi watoshe, hapo nanyamaza. Siku moja mtoto wake akisikia "keya anamfundisha baba siasa", malalamiko yanaenda ofisini kwenu, si redioni.

Na kumbuka umeshikwa wapi. Mwajiri akikutoa, Wizara ya Mambo ya Ndani inafupisha viza, na kwa kawaida unabaki na siku 60 za kutafuta sponsa mwingine. Tangu tarehe 22 Julai 2025 hawachukui tena makeya wapya kutoka nje. Walio ndani bado wanaweza kuhama mwajiri, lakini mlango ulio nyuma yako umefungwa. Kupiga simu redioni si kosa la viza, hakuna sheria kama hiyo. Kosa ni kutaja kampuni, kutaja mzee, au kusema jambo ambalo mtu wa mtaa ule akisikia atamjua ni nani. Hiyo ni siri ya kazi na unaweza kufukuzwa kwayo.

Mzee wa Forodhani:

Bibie, alokwambia Mpwani kuhusu siri za kazi ni kweli tupu, shika hilo. Kwenye kunyamaza ndipo tunapoachana. Mimi nipo London tangu enzi hizo, na redio za asubuhi ndizo zilonifundisha nchi hii.

Kwanza ujue unasikiliza nini. LBC ilianza Oktoba 1973, redio ya kwanza ya kibiashara kupewa leseni hapa, na ilikuwa ya London peke yake. Nchi nzima wameipata kwenye redio ya dijitali mwaka 2014. Biashara yake ni simu. Pale studio yupo mtu anayepokea, anakuuliza jina la kwanza, unapiga kutoka wapi, una hoja gani. Wenye hoja dhaifu hawapiti, na wenye hoja za katikati hawapiti vilevile, kwa sababu haziwashi moto. Basi unayoyasikia kwa mzee wako yameshachujwa. Usidhani Waingereza wote ndivyo walivyo. Ukitaka kusikia mawaziri wakibanwa, hiyo ni Today ya Radio 4, iloanza Oktoba 1957, mwaka ule ule ilipoanza idhaa yetu ya Kiswahili ya BBC. Mahojiano makubwa ni saa mbili na dakika kumi. Hapo hupigi simu, unasikiliza tu na kunywa chai.

Sasa hilo la taka, maana hapo una la kusema kuliko mzee mwenyewe. Mgomo wa wazoa taka wa Birmingham ulianza Januari 2025 kwa vipindi, na tarehe 11 Machi ukawa mgomo kamili. Mwisho wa mwezi ule halmashauri ikatangaza hali ya dharura, tani 17,000 za taka zikiwa mitaani. Ugomvi ulianzia kwenye cheo kimoja cha kwenye magari ya taka ambacho halmashauri ilikifuta. Chama cha wafanyakazi cha Unite kilisema wapo watakaopoteza hadi pauni 8,000 kwa mwaka. Halmashauri ilikataa hesabu hiyo.

Kwa nini wakifute? Hapa ndipo wapigaji simu wengi wanapopitapita tu. Miaka mingi nyuma wanaume wa taka na wa barabara walikuwa wakipewa bonasi, na wanawake wa daraja lile lile la mshahara hawapewi. Wanawake wakashtaki, kesi ikafika Mahakama ya Juu mwaka 2012 wakashinda haki ya kuendelea na madai, na malipo yakapita pauni bilioni moja. Septemba 2023 halmashauri ikatangaza kwamba haiwezi tena kumudu matumizi yake, na madai hayo yalikuwa miongoni mwa sababu. Basi wakaogopa kwamba cheo kinachowanufaisha wanaume zaidi kitaleta kesi upya. Na hao wanawake walikuwa kina nani? Wapishi, wasafishaji, na makeya. Kazi yako wewe.

Mwambie mzee hilo asubuhi ya kesho, kisha mwachie uwanja. Atakuwa na la kubishania mpaka chakula cha mchana, na wewe hujataja chama hata kimoja.

Fundi Gereji:

Mzee umetoa lekcha nzima, naomba cheti.

Ngoma ya Bukavu:

Dada, mimi niko Leeds, naendesha teksi, redio iko wazi siku nzima. Abiria anasikia kitu, anakuuliza. Nitakupa mfano wangu. Aprili 2024, kwenye Question Time, kipindi cha mijadala cha runinga ya BBC, kijana mmoja kutoka Kongo aliuliza kama ndugu zake wangefika hapa wangepelekwa Rwanda, nchi yenye vita na kwao. Waziri Chris Philp akauliza kama Rwanda si nchi tofauti na Kongo. Kesho yake redio zote ni hiyo, na kila abiria akisikia natoka wapi anataka nimwambie hasira yangu.

Ningeongea kila siku ningepoteza nyota zote ninazopewa na abiria kwenye programu ya teksi. Basi nikawa nauliza: wewe unafikiri Bukavu iko wapi? Mtu anacheka, anakisia, namwonyesha kwenye simu: hapa ziwa Kivu, ng'ambo pale ni Rwanda, daraja tu katikati. Kufika mwisho wa safari ameelewa, na sijamwambia achague nani. Mpango wenyewe wa kupeleka waomba hifadhi Rwanda, Starmer aliufuta alipoingia uwaziri mkuu Julai 2024, ila watu bado wanapiga simu juu yake.

Mzee wako muulize yeye maswali. Posho ya joto ilipokatwa mwaka 2024 yeye alifanyaje? Mtu wa umri ule ana hadithi, na hadithi haina malalamiko ofisini.

Mpwani254:

@Ngoma ya Bukavu hiyo naikubali. Na posho imerudi, dadangu, usije ukasema imekatwa. Kwa England na Wales mstaafu mwenye kipato kisichozidi pauni 35,000 kwa mwaka anabaki nayo, ni pauni 200 kwa nyumba, au 300 kama kuna aliyefika miaka 80. Anayezidi kipato hicho inarudishwa kupitia kodi.

Mtoto wa Kariakoo:

Huku kwetu asubuhi mtangazaji anatusomea vichwa vya magazeti, tunapiga simu kulalamikia maji na foleni, tunaenda kazini. Kumbe na wao ni maji na foleni tu! Ila dada, kwa nini usinune? "Hasemi wewe" ni matusi yaliyopakwa asali. Ningekuwa mimi ningemjibu.

Mzee wa Forodhani:

Ungemjibu ukiwa Kariakoo, mwanangu. Yeye amemshika mkono asianguke bafuni.

Tausi wa Slough:

Mtoto wa Kariakoo ana hoja, msimzime. Nami niliambiwa hivyo hivyo na bibi mmoja. Nilimjibu kwa upole kabisa: "Anayepiga simu hanijui mimi, bibi, kwa hiyo ananisema na mimi pia." Akakaa kimya, kisha akaomba biskuti. Hatukugombana. Kuna njia ya kusema bila kupandisha sauti.

Kuhusu kupiga simu: Binti, usianze na wahamiaji wala keya. Hapo LBC, James O'Brien anaingia saa nne baada ya kipindi cha asubuhi, na Alhamisi saa sita mchana ana saa nzima ya mafumbo. Mtu anauliza swali lolote, mwingine anapiga kujibu, na anaulizwa amejuaje. Hakuna siasa. Anzia hapo na mzee akiwa pembeni. Zima redio ya jikoni ukiwa hewani, maana sauti yake inachelewa na itakuchanganya. Ukiwa na kigugumizi cha mara ya kwanza, kitaishia kwenye swali la ndizi na si kwenye viza.

Binti Mvomero:

Wakuu, asanteni sana, sikutegemea haya yote. Shikamoo Mzee wa Forodhani.

Leo asubuhi nimempa lile la makeya na kesi. Kaniuliza nimelipata wapi, nikasema kwa wazee wenzake. Kisha akasema wanawake walistahili lakini wazoa taka nao wasiibiwe, akabishana na mimi, akabishana na redio, chai ikapoa. Kupiga simu nimemwambia tutapiga Alhamisi, lakini swali atatunga yeye. Kampuni sitaitaja na jina lake sitalitaja.

Ila kaniuliza jambo ambalo limenishinda. Kasema kama nina maneno mengi hivyo kuhusu halmashauri, uchaguzi ukija nikapige kura. Nimemwambia mimi Mtanzania, sina haki hiyo. Akasema nikaulize vizuri.

Mzee wa Forodhani:

Marhaba. Mzee wako yuko sawa, bibie. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kwa kibali halali anaruhusiwa kujiandikisha na kupiga kura, za mitaa na za bunge. Tanzania imo, Kenya imo, Uganda imo, na Rwanda imo tangu 2009.

Ngoma ya Bukavu:

Kongo haimo. Mimi nalipa kodi ya halmashauri na nasikiliza tu.

Binti Mvomero:

Hata kwa viza ya kazi?? Na kitambulisho je, leseni ya udereva sina.

Tausi wa Slough:

Hata kwa viza ya kazi. Kujiandikisha ni bure, mtandaoni, kwenye tovuti ya serikali. Siku ya kura wanataka kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya nchi ya Jumuiya ya Madola wanaipokea, kwa hiyo ile ya Tanzania inatosha. Jiandikishe wiki hii, barua yao ikija mwonyeshe mzee.